Usukani na Kufuli: Ushindani wa Gran Turismo na Forza Ukitazamwa kutoka Nchiru

Mchezo wa kuiga mbio za magari ni programu ya kompyuta inayokokotoa, mara nyingi katika kila sekunde, jinsi uzito wa gari unavyohama kutoka gurudumu moja hadi jingine, jinsi tairi linavyoshika lami au kuteleza, na jinsi injini, gia na breki zinavyoitikia amri za dereva, kisha matokeo ya hesabu hizo huonekana kwenye skrini yakiwa picha na kusikika yakiwa mngurumo. Hesabu hizo ndizo zinazoutofautisha na michezo mingine ya magari, ambamo kona hupitika kwa sababu mtunzi ametaka ipitike; katika mchezo wa kuiga, kona hupitika ikiwa tu mwendo, uzito na mshiko wa tairi vinaruhusu. Chombo kilichoufikisha mchezo wa aina hii sebuleni ni konsoli, yaani mashine ya michezo inayounganishwa na televisheni, na tangu mwaka 2005 uwanja huo umegawanywa kati ya majina mawili makubwa: Gran Turismo, unaotungwa na kampuni ya Polyphony Digital ya Japani kwa ajili ya PlayStation ya Sony, na Forza Motorsport, ulioanzishwa na Turn 10 Studios ya Marekani kwa ajili ya Xbox ya Microsoft.

Hoja ya sura hii ni kwamba ushindani huo ulifanya kazi mbili zinazovutana. Uliusukuma uhalisi mbele kwa kasi ambayo kampuni moja iliyobaki peke yake isingekuwa na sababu ya kuifikia, na papo hapo ukaufungia uhalisi huo ndani ya mashine ya mwenye nao, ndani ya usukani unaokubaliwa na mashine hiyo, na hatimaye ndani ya seva, yaani kompyuta za mbali zinazopaswa kuitika kupitia intaneti kabla mchezo haujaanza. Gharama ya kufuli hizo haionekani sana mahali ambapo kila kitu kinapatikana dukani. Huonekana waziwazi mahali kama Nchiru.

Nchiru ni soko lililo kando ya barabara ya Meru–Maua, si mbali na mji wa Meru. Hapo pana makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na pana kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Palipo na chuo kikuu nchini Kenya, aghalabu pana vyumba vya kupanga, vibanda vya chakula, maduka ya kuchapisha karatasi, na chumba chenye televisheni mbili tatu ambamo vijana hulipia PlayStation kwa mechi au kwa dakika. Kandanda ndiyo mfalme wa vyumba hivyo, na mbio za magari huifuata kwa mbali. Hata hivyo, masharti yanayoviongoza ni yaleyale kwa michezo yote: mashine nyingi ni za mitumba, diski hupita mkono hadi mkono, stima hupotea bila taarifa, na intaneti hununuliwa kwa bando. Mchezo unaotaka kuishi humo sharti uyakubali masharti hayo.

Gari la sokoni ndani ya skrini

Gran Turismo wa kwanza ulitolewa Japani tarehe 23 Desemba 1997, baada ya mtunzi wake, Kazunori Yamauchi, na kikundi chake kidogo kuufanyia kazi kwa takriban miaka 5. PlayStation ya wakati huo ilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya megahezi 33.8 na kumbukumbu ya megabaiti 2 tu, kiasi ambacho picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo hukizidi kwa urahisi. Katika nafasi hiyo finyu watunzi waliingiza magari yapatayo 140, kila moja likiwa na uzito wake, mpangilio wake wa magurudumu yanayosukuma, na tabia yake kwenye kona. Nakala milioni 10.85 ziliuzwa, na hakuna mchezo mwingine uliouzwa kwa wingi huo kwa mashine hiyo.

Jambo lililoupa mchezo huo heshima ya kudumu ni unyenyekevu wa mwanzo wake. Mchezaji hakukabidhiwa gari la mashindano. Alipewa fedha za mchezo 10,000, akaelekezwa kwenye duka la magari ya mitumba, na kabla ya kuruhusiwa kuingia katika mashindano ya maana alitakiwa kufaulu mitihani ya leseni, ambamo alijifunza kusimamisha gari ndani ya mstari, kuikata kona kwa mwendo unaofaa, na kurudisha gari linaloanza kuzunguka. Utaratibu huo upo hata katika Gran Turismo 7, uliotolewa tarehe 4 Machi 2022, ambao humpa mchezaji mgeni nafasi ya kuchagua gari moja kati ya matatu: Toyota Aqua, Mazda Demio au Honda Fit.

Kwa msomaji wa Kenya, orodha hiyo ina maana ambayo pengine haimjii msomaji wa Chicago. Kenya huendesha upande wa kushoto, hutaka usukani uwe upande wa kulia, na kanuni zake huruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ikiwa halijazidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza; kwa sababu hizo, magari mengi yanayonunuliwa nchini hutoka Japani yakiwa yametumika. Mtu akisimama Makutano mjini Meru kwa nusu saa, ana kila sababu ya kutarajia kuyaona magari yote matatu yakipita, moja likiwa na mzigo kwenye buti, jingine likimpeleka mwalimu kazini. Polyphony Digital iliyachukua magari hayo kwa kuwa ndiyo ya mtaani kwa Wajapani, na bila kukusudia ikauweka mtaa wa Meru ndani ya mchezo. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Nchiru anaweza kuukagua uhalisi wa mchezo kwa kipimo ambacho hakihitaji utaalamu: Demio ya nyumbani huinama vipi kwenye kona, hushika breki kwa umbali gani, na huchoka vipi inapopanda mlima.

Mpinzani anajitokeza

Microsoft iliingia katika biashara ya konsoli mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya PlayStation 2. Vipimo vya mashine hizo mbili vinaonyesha jinsi vifaa vilivyotumiwa kuwa silaha: PlayStation 2 ilikuwa na prosesa ya megahezi 294 na kumbukumbu ya megabaiti 32, ilhali Xbox ilikuja na megahezi 733, megabaiti 64, na diski kuu ya kuhifadhi data iliyojengwa ndani. Mwaka 2005, Turn 10 ilipotoa Forza Motorsport, iliyaelekeza mashambulizi yake kwenye mapengo ya mshindani. Katika Gran Turismo gari liligonga ukuta likabaki zima. Katika Forza liliharibika, na uharibifu huo uliathiri uendeshaji wake. Gran Turismo 4 ulitoka bila mashindano ya mtandaoni. Forza uliyaleta tangu siku ya kwanza. Gran Turismo haukuwa na Ferrari wala Porsche. Forza ulikuwa na zote mbili.

Suala la Porsche linastahili kuelezwa, kwa kuwa ni mfano wa mapema wa kufuli ambayo haina uhusiano na uwezo wa mashine. Kampuni ya Electronic Arts ilishikilia kwa miaka mingi, hadi mwisho wa 2016, haki ya pekee ya kuyatumia magari ya Porsche katika michezo, na mtunzi mwingine aliyeyataka alilazimika kupatana nayo. Gran Turismo uliuzunguka mkataba huo kwa kutumia magari ya RUF, kampuni ya Ujerumani inayojenga magari yake juu ya mwili wa Porsche na kutambuliwa kisheria kuwa mtengenezaji anayejitegemea. Wapenzi wa mchezo huo walisubiri hadi Gran Turismo Sport wa mwaka 2017 ndipo wakaliona jina la Porsche lenyewe.

Mbio za vifaa ziliendelea kwa kizazi kingine. Xbox 360 ilitoka mwaka 2005, na PlayStation 3 ikafuata mwaka 2006 ikiwa na prosesa iitwayo Cell, yenye nguvu lakini ngumu kuiandikia programu. Forza ulitoa toleo la pili mwaka 2007 na la tatu mwaka 2009, wakati Gran Turismo 5 ukiahirishwa tena na tena hadi Novemba 2010. Ulipofika, ulikuwa na zaidi ya magari 1,000, ila takriban 800 kati yake yalikuwa yameletwa kutoka matoleo ya PlayStation 2, bila sehemu ya ndani iliyochorwa kikamilifu. Forza Motorsport 4 wa mwaka uliofuata ulikuwa na nusu ya idadi hiyo, na ukamwezesha mchezaji kulizunguka gari kwa miguu, kufungua mlango na kuketi. Idadi ilikutana na kina, na hatimaye, katika Gran Turismo Sport wa mwaka 2017, Polyphony Digital nayo iliacha kuuza magari mengi yasiyochorwa vizuri. Huo ni ushindi halisi wa mchezaji, uliopatikana kwa sababu alikuwepo mtu wa pili wa kulinganishwa naye.

Kinachorudi mkononi

Picha ndizo zinazoonekana kwanza, lakini uhalisi wa mbio za kuigwa hupimwa mkononi. Kifaa kinachoupeleka mkononi ni usukani wenye mrejesho wa nguvu, yaani usukani ulio na mota ndani yake inayosukuma au kuachia kulingana na kile tairi la mbele linachokifanya katika hesabu za mchezo. Ili kuelewa kwa nini mota hiyo ni muhimu, inafaa kuliangalia tairi lenyewe kwa karibu.

Dereva anapokata kona, mpira wa tairi hujipinda pale unapogusa ardhi, na nguvu inayolisukuma gari kuelekea ndani ya kona hukaa nyuma kidogo ya kitovu cha sehemu hiyo. Kwa kuwa imekaa nyuma, nguvu hiyo hulivuta tairi linyooke, na mvuto huo hupanda kupitia mitambo ya usukani hadi kwenye viganja: ndiyo sababu usukani wa gari lililo kwenye kona huwa mzito na hutaka kurudi katikati. Mwendo ukizidi, mahali nguvu ilipokaa husogea mbele, mvuto hupungua, na usukani huanza kuwa mwepesi, ingawa tairi bado linashika. Wepesi huo hutangulia kuteleza kwa muda mfupi sana, na dereva mzoefu husoma onyo hilo kabla macho yake hayajaona lolote. Kila aliyeendesha gari kwenye udongo mwekundu wa Meru baada ya mvua ya Novemba anaufahamu ulaini huo wa ghafla, hata kama hajawahi kuutafutia jina.

Padi, kifaa cha kawaida cha kuchezea kinachoshikwa kwa mikono miwili, haiwezi kuueleza ulaini huo kikamilifu, kwa sababu kijiti chake husogea umbali mdogo chini ya kidole gumba. Hata hapo washindani walijitahidi: padi ya Xbox One ya mwaka 2013 iliwekewa mota ndogo ndani ya vitufe vya mafuta na breki, hivyo mchezaji wa Forza Motorsport 5 alihisi tairi likifunga chini ya kidole chake, na padi ya PlayStation 5 ya mwaka 2020 ikaleta vitufe vinavyokaza au kulegea vyenyewe, hivi kwamba breki katika Gran Turismo 7 hupinga kidole mithili ya pedali.

Sukani zenyewe ni za aina tatu kwa namna mota inavyounganishwa. Aina ya kwanza hutumia meno ya gia, kama Logitech G29 iliyotolewa mwaka 2015, ambayo huzunguka digrii 900, sawa na mizunguko miwili na nusu. Ni imara na bei yake ni nafuu ikilinganishwa na nyingine, lakini meno yake huhisika yakigongana. Aina ya pili hutumia mkanda, kama Thrustmaster T300, na huwa laini zaidi. Aina ya tatu hufunga usukani moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, bila kitu cha kati cha kupunguza au kuchelewesha ujumbe. Mfano wa aina hii ni Fanatec GT DD Pro, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Gran Turismo, yenye nguvu ya nyutoni-mita 5, au 8 ikiwekewa kifaa kikubwa zaidi cha umeme. Nyutoni-mita 1 ni takriban nguvu ya kuzungusha ya uzito wa gramu 100 ulioning'inizwa kwenye ncha ya fimbo ya mita 1. Kwa usukani wa kawaida, ambao ukingo wake uko sentimita 14 hivi kutoka katikati, nyutoni-mita 2 za G29 ni sawa na kushindana na kilo moja na nusu, ilhali nyutoni-mita 8 ni sawa na kushindana na karibu kilo 6, zaidi kidogo ya jerikeni ya lita 5 iliyojaa maji.

Usukani haurudishi mkononi ila kile ambacho hesabu zimekipata, kwa hiyo hesabu za tairi zilikua sambamba na mota. Microsoft ilieleza kuwa Forza Motorsport wa Oktoba 2023 huchunguza sehemu 8 za tairi moja zinazogusa ardhi, mara 360 kwa sekunde, pale ambapo hapo awali ilichunguzwa sehemu moja mara 60. Polyphony Digital kwa upande wake ilikuwa imethibitisha uzito wa hesabu zake kwa njia nyingine: kuanzia mwaka 2008, kwa kushirikiana na Nissan, iliendesha GT Academy, shindano lililowachukua wachezaji bora wa Gran Turismo na kuwafundisha kuendesha magari halisi ya mashindano. Jann Mardenborough wa Uingereza, aliyeshinda shindano hilo mwaka 2011, alikuwa miaka miwili baadaye, katika mbio za saa 24 za Le Mans, miongoni mwa madereva watatu wa gari lililoshika nafasi ya tatu katika daraja lake.

Kufuli tatu

Kufuli ya kwanza ni ya mashine. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba mchezo hubaki kwenye konsoli moja kwa sababu umetungwa kwa ajili ya vifaa vyake pekee, na dai hilo lilikuwa na ukweli katika enzi ya Cell. Ukweli huo ulikwisha mwaka 2013, PlayStation 4 na Xbox One zilipotoka zote mbili na prosesa za kampuni ya AMD za familia moja na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Mwaka 2020 zilifuata PlayStation 5 na Xbox Series X, tena zikiwa na AMD ndani na gigabaiti 16 kila moja, na zote mbili zikizinduliwa kwa dola 499. Mashine zilikuwa zimekuwa ndugu. Kilichobaki katikati yao kilikuwa mkataba.

Kufuli ya pili ni ya usukani, na ndiyo inayouma zaidi kwa mnunuzi wa kipato kidogo. Logitech ilitoa G29 pamoja na pacha wake, G920. Ndani yake mna mota zilezile, meno yaleyale na pedali zilezile, lakini G29 hufanya kazi na PlayStation, na G920 hufanya kazi na Xbox, kwa sababu kila konsoli huuliza kifaa kijitambulishe na hukikubali tu kikijibu kwa ishara iliyoidhinishwa. Mwanafunzi aliyedunduliza kwa mihula kadhaa akanunua G29 ya mitumba, kisha akapata Xbox kwa bei ya kutupa, ana usukani ambao hauna kasoro hata moja na hauwezi kuzungusha gurudumu. Fundi wa jua kali anayechomelea milango ya vyuma anaweza kumtengenezea fremu ya kiti kwa siku moja, akikata na kuunga hadi pedali zikae sawa na mguu wake. Ishara ya idhini haichomelewi.

Kufuli ya tatu ni ya intaneti. Mnamo Juni 2013 Microsoft ilieleza kwamba Xbox One ingehitaji kuungana na intaneti angalau mara moja kila saa 24, na kwamba uuzaji wa diski zilizotumika ungewekewa masharti. Sony ilijibu kwa kutangaza kuwa diski za PlayStation 4 zingeweza kuazimwa na kuuzwa kama zamani, na kwa bei ya dola 399 dhidi ya 499 za mpinzani. Haukupita mwezi Microsoft ikayafuta masharti hayo, lakini PlayStation 4 iliendelea kuongoza na hatimaye ikauza zaidi ya mashine milioni 117. Mgogoro huo ulizungumzwa katika miji mikubwa ya Marekani na Ulaya, ingawa wangeumia zaidi wakazi wa mahali ambapo diski moja hununuliwa, huchezwa, hubadilishwa na kuuzwa tena mara nyingi kabla haijachoka. Kwa miaka hiyo michache ushindani ulimlinda mtu wa Nchiru bila yeye kuwa na kiti mezani.

Ulinzi huo haukudumu. Gran Turismo 7 na Forza Motorsport wa 2023 vyote viwili huhitaji muunganisho wa intaneti kwa sehemu kubwa ya mchezo, hata mchezaji anaposhindana na kompyuta peke yake. Machi 2022 seva za Gran Turismo 7 zilisimama kwa zaidi ya saa 30 baada ya sasisho lenye hitilafu, na duniani kote watu waliokuwa na diski mkononi hawakuweza kufungua gereji zao. Pale ambapo washindani wawili wamekubaliana juu ya kufuli moja, ushindani hauna tena wa kumtetea.

Safari inarudi kwanza kwenye skrini

Kuna barabara ambazo Gran Turismo na Forza Motorsport havijawahi kuzipitia. Katika toleo lake la 2023 Forza ulijumuisha uwanja wa Kyalami wa Afrika Kusini, lakini barabara za Kenya ziliingia katika michezo kupitia mlango mwingine, ule wa mbio za rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikawa sehemu ya mashindano ya rali ya dunia, WRC, kuanzia 1973 hadi 2002, na kwa miongo mingi ilijulikana kwa ukali: mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Rali ya aina hiyo inamtaka mtunzi wa mchezo aigize vitu ambavyo uwanja wa lami hauna: matope yanayobadilika kila gari linapopita, mawe yaliyofichika, na lile vumbi laini kama unga, liitwalo fesh-fesh, linalomeza magurudumu katika eneo la Naivasha.

Colin McRae Rally 2.0 wa mwaka 2000 ulikuwa na hatua za Kenya, na WRC uliotungwa na Evolution Studios kwa PlayStation 2 mwaka 2001 ukafuata msimu halisi wa mwaka huo pamoja na Safari yake. Baada ya Safari kuondolewa katika ratiba ya dunia, barabara hizo zilitoweka pia katika michezo rasmi kwa takriban miongo miwili. Zilirejea kwa njia isiyotarajiwa. Kampuni ya Kylotonn ya Ufaransa iliiingiza Kenya katika WRC 9 kwa kuwa Safari ilikuwa imerudishwa kwenye ratiba ya 2020. UVIKO-19 ikaifuta rali hiyo, lakini mchezo ukatoka Septemba 2020 kama ulivyopangwa. Kwa miezi tisa hivi watu wa nchi za mbali waliipitia Safari katika skrini, hadi magari halisi yalipoondoka Juni 2021 na Sébastien Ogier akashinda. Baadaye Kenya ilikuwemo tena katika EA Sports WRC wa Codemasters, uliotolewa Novemba 2023.

Jambo la kuzingatia ni kwamba WRC 9 na EA Sports WRC zote zilitolewa kwa PlayStation na kwa Xbox. Ziliporejea, barabara za Kenya hazikufungiwa upande mmoja, kwa kuwa mwenye haki za rali hakuwa mwenye konsoli. Hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba uhalisi hauhitaji kufuli ili uzaliwe.

Kisichoigwa

Uaminifu kwa mada hii unadai kusema pia yale ambayo uigaji hauyafikishi. Barabara inayopita Nchiru ni barabara ya miraa. Majani hayo hupoteza nguvu siku chache baada ya kuchumwa, na kwa hiyo magari yanayoyabeba kutoka Maua hushindana na saa, na wakazi wa kando ya barabara wanaujua mngurumo wake na wanazijua ajali zake. Upande wa kusini, kwenye barabara ya Meru–Embu, liko daraja la Nithi, mwisho wa mteremko mrefu wenye kona, ambako basi lilitumbukia bondeni Julai 2022 na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha.

Mchezo mzuri unaweza kufundisha kwa nini mteremko wa namna hiyo ni wa hatari. Unaweza kumwonyesha dereva kwamba breki hugeuza mwendo kuwa joto, kwamba gari zito likishuka kwa kukanyaga breki mfululizo joto hilo hukosa pa kwenda, na kwamba gia ndogo iliyoingizwa kabla ya mteremko huifanyia breki kazi ambayo haitaiweza peke yake. Masomo hayo ni ya kweli na yanafaa kujulikana na kila anayeshika usukani. Mota ya nyutoni-mita 8, hata hivyo, haibebi abiria. Kitufe cha kuanza upya hakipo Nithi, na hakuna kampuni kati ya hizi mbili iliyowahi kudai vinginevyo. Ni wajibu wa mchezaji, na wa mzazi au mwalimu wake, kuutia mpaka huo akilini.

Ukuta unapopungua

Tarehe 29 Aprili 2025 Forza Horizon 5, wa familia ya Forza lakini uliotungwa na Playground Games ya Uingereza, ulitolewa kwa PlayStation 5. Miaka 20 baada ya Forza wa kwanza kuzaliwa ili kuuza Xbox, Forza ukawa unauzwa kwa mwenye mashine ya mpinzani, na mwenye G29 aliweza kwa mara ya kwanza kuuendesha kwenye konsoli yake. Kufuli ya mashine imelegea, na iliyoilegeza ni hesabu ya biashara: kutunga mchezo wa namna hii kumekuwa ghali kiasi kwamba wanunuzi wa upande mmoja hawatoshi.

Kufuli ya tatu, ile ya intaneti, bado imebaki, na inaandamana na ya leseni. Forza Motorsport 7 uliondolewa katika maduka ya mtandaoni Septemba 2021, na Forza Horizon 4 ukafuata Desemba 2024, kwa sababu leseni za magari na nyimbo zilizomo hufikia ukomo. Tangu hapo, asiyekuwa nayo huipata michezo hiyo aghalabu kwa diski ya mitumba. Sony ilipozima seva za Gran Turismo Sport Januari 2024, ilitoa sasisho lililomwezesha mchezaji kuhifadhi mchezo wake bila intaneti, na kwa kitendo hicho ikathibitisha kwamba kufuli hii hufunguka mwenye ufunguo akitaka. Kipimo cha haki kwa Gran Turismo 7 na Forza Motorsport kitakuwa hichohicho siku seva zao zitakapozimwa: je, Demio iliyonunuliwa kwa fedha za mchezo, ikarekebishwa kwa subira na kuendeshwa hadi ikazoeleka mkononi, itawaka?

Hadi hapo, sehemu ya kumbukumbu ya sanaa hii iko mikononi mwa watu wasioalikwa popote kuitunza. Chumba cha PlayStation kando ya barabara ya Maua, chenye rafu ya diski zilizokwaruzika na mashine ambayo haijaunganishwa na mtandao wowote, huendelea kuuwasha mchezo ambao duka la mtandaoni haliuuzi, na kijana aliyezaliwa baada ya mchezo huo kutolewa huketi mbele yake, hununua gari la mitumba kwa fedha 10,000, na hujifunza kusimamisha gari ndani ya mstari.